Kambi ya Juu

Wiki moja kabla sijasikia risasi ya kwanza, mimi na Anaeli tulibishana asubuhi nzima kuhusu choo. Tulikuwa kwenye kambi yetu ya tambarare, kaskazini ya Mlima Meru, pale penye chemchemi. Nilitaka choo kichimbwe nyuma ya migunga, mahali ambapo mgeni hatakiona akiwa anakunywa chai. Anaeli akasema upepo wa jioni unatokea hukohuko, kwa hiyo mgeni hatakiona ila atajua kipo. Nikamwambia nimefundisha jiografia miaka kumi na moja na pepo ninazijua. Akasema yeye hajafundisha kitu, ila ana pua. Tulichimba alikotaka yeye.

Anaeli alikuwa Mmeru wa upande uleule wa mlima na mkuu wa kambi zetu zote za huko, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na subira iliyonichosha. Mimi ni Mchaga wa Machame. Niliacha chaki miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu alipokuwa anatafuta namna ya kuishi, nikaajiriwa Arusha mjini na kampuni ndogo ya kupeleka wageni porini. Mwenye kampuni alikuwa mama mmoja aliyeacha kazi ya benki, tukimwita Mama Happy. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali pa kupiga kambi, basi. Majirani zangu wa Themi waliniona nimerukwa na akili, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anazunguka porini kutafuta kivuli.

Lakini kambi haikai popote tu, na mimi nilipenda kujua kwa nini inakaa pale ilipo. Upande wa kusini wa Meru mvua ni nyingi. Kuanzia Usa River na Makumira mpaka unaingia mjini, migomba na kahawa vimebanana, na huna pa kulaza hema isipokuwa uani kwa mtu. Miaka ile watu waligundua kwamba ua nao ni biashara. Kila mwenye bomba na kipande cha nyasi alitundika kibao, kambi zikajipanga kando ya lami kama wauza nyanya. Upande wa kaskazini mambo ni mengine. Mlima unakinga mvua, ardhi ni kavu, maji yako mbalimbali, na kambi nazo zinakaa mbalimbali. Mwenye kupiga kambi anataka maji, kivuli, njia ya gari, ardhi isiyotuamisha maji, na upenyo wa kutokea tembo akija. Akikosa kivuli atavumilia, lakini akikosa maji atahama. Nilikuwa nikiyasema haya kwa madereva mpaka wakawa wanayamalizia kabla yangu.

Upande huo tulikuwa na kambi tatu kwenye njia moja. Moja ilikuwa mlimani, ukingoni mwa msitu, kando ya kijito. Ya pili ilikuwa katikati, karibu na kijiji cha akina Anaeli. Ya tatu ndiyo hiyo ya tambarare, penye chemchemi. Nilichora ramani nikaibandika ukutani ofisini, kaskazini ikiwa juu kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Kwenye ramani hiyo chemchemi ilikaa juu, na msitu ukakaa chini. Basi nikaziandika hivyohivyo: Kambi ya Juu, Kambi ya Kati, Kambi ya Chini. Kambi ya Chini ndiyo ilikuwa mlimani.

Anaeli alipoiona alicheka mpaka akatafuta kiti. Alisema nimeupindua mlima. Kwao, kama kwetu Machame, juu ni mlimani na chini ni tambarare, na hakuna anayebishana. Hata ndani ya nyumba mtu atakuambia usogeze stuli upande wa juu, akimaanisha upande wa mlima. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini wageni walisoma ramani, Mama Happy alisoma ramani, na ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya kuongea kama mtu wa kihambani, wa shamba la migomba la ukoo, mbele yao.

Mwezi wa kwanza tu nilimwambia kwa redio ya upepo apeleke magodoro na chakula Kambi ya Juu. Akavipandisha msituni. Wageni walifika kwenye chemchemi wakakuta uwanja mtupu, wakakaa juu ya mabegi yao mpaka jua likazama. Mama Happy alinifokea mimi, nami nikamfokea Anaeli mbele ya wenzake na mbele ya mkewe Ndeshi, aliyekuwa mpishi wetu. Halafu nikamleta mjini, nikamsimamisha mbele ya ramani, nikampa rula.

"Kwenye redio, juu ni kaskazini," alisema.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Alikuwa amenizidi miaka sita.

Kwenye taarifa ya habari waliyaita matukio. Sisi tuliokuwa ndani yake tuliita vita, na mimi bado naita vita. Walikuja wanaume wenye bunduki za kijeshi. Wengine walisema wametoka upande huu wa mpaka, wengine upande ule. Mimi sisemi, maana hakuna aliyenionyesha pasipoti. Kwanza walichukua ng'ombe. Kisha walichoma nyumba za waliofuata ng'ombe wao. Mgambo wa vijiji wakatoka na magobole na pinde, na wa kwanza waliletwa wamebebwa kwenye milango ya mbao. Baadaye polisi wakaleta kikosi. Jumla ilikuwa wiki tano.

Wageni waliondoka siku ya pili, na Mama Happy akanituma nikakusanye mahema. Nilipofika ile ya mlimani sikuyakusanya. Watu wa tambarare walikuwa wanapanda na watoto, mbuzi na masufuria, wanaelekea msituni, na walisimama kwenye kambi yetu kwa sababu palikuwa na kijito, ardhi kavu na njia. Sababu zilezile zilizonifanya nipachague zilikuwa zimewaleta na wao. Nilifungua mahema yote. Hema la wageni wawili lililaza watu tisa. Nikampigia Mama Happy redio nikitegemea matusi. Akasema atatuma turubai na mahindi, na kweli alituma.

Wiki mbili nilijifunza upya kazi yangu. Mgeni anataka aone mbali. Mkimbizi anataka asionekane. Tulihamisha moto wote nyuma ya miamba ili moshi upotelee msituni. Tulisogeza mahema mbali na uwanda wenye mandhari nzuri, ule niliokuwa nimeutangaza kwenye vipeperushi, tukayabananisha kwenye miti penye unyevu na mbu. Akina mama walinionyesha upande usio na baridi ya alfajiri kwa kusikiliza watoto wanakohoa wapi. Walikuwa wanajua zaidi yangu.

Siku moja mgambo walileta mtu aliyepigwa risasi ya paja. Mganga wa zahanati alishona, mimi nikashika mguu. Yule mtu aliniomba maji kwa adabu, akaniita kaka. Nilikwenda kijitoni na kikombe, hatua kama arobaini kwenda na arobaini kurudi. Niliporudi mganga alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

Anaeli hakupanda nasi. Alibaki Kambi ya Kati pamoja na Ndeshi na mtoto wao mchanga, Elia, kwa sababu kijijini kwake walikuwepo wazee waliogoma kuacha nyumba zao. Alikuwa anawabembeleza mmojammoja. Shabani, dereva wetu, kijana wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Kondoa wakakaa mjini kitambo, aliwapandisha kwa pikapu kila mmoja alipokubali. Kila asubuhi Anaeli alinisomea kwenye redio idadi ya waliobaki, na kila asubuhi nilimwambia aache ukaidi. Alijibu kwamba mzee hasukumwi kama toroli.

Kisha afisa wa polisi alikuja msituni na ramani yake. Alikuwa amesikia habari zangu. Aliniuliza swali moja: kama ningekuwa mimi, nina watu thelathini na ng'ombe mia, ningelala wapi? Sikufikiri hata dakika. Nikaweka kidole kwenye chemchemi. Kilomita nyingi hakuna maji mengine, migunga inaficha, na kilima cha nyuma kinaona njia zote mbili. Nilimweleza sababu moja baada ya nyingine, kama niko darasani. Afisa akaandika. Alisema vijana wake watazunguka kwa nyuma, kesho yake mchana, na neno hilo lisipite redioni. Nilijisikia fahari, na sitaficha hilo. Nilikuwa sijajisikia mwerevu kiasi kile tangu niache shule.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Hewa ilikuwa safi, na kutoka msituni niliona tambarare yote.

Saa nne risasi zikaanza, karibu na Kambi ya Kati.

Mlima hurudisha sauti. Kwetu zilisikika zinatoka chini. Kwao chini, nilikuja kuambiwa, zilisikika zinatoka mlimani.

Watu wakaanza kukimbilia ndani ya msitu. Mwanamke mmoja alinipitia akanikanyaga mguu, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Nilikwenda kwenye redio.

Anaeli akaitika mara moja. Alisema wamebaki wazee saba, Ndeshi na mtoto, na Shabani ameshawasha gari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Yangu haikuwa ya kawaida. Niliwaza bunduki, niliwaza mtoto, na maneno yaliyonitoka ni yale ambayo mama yangu alikuwa akitupigia kelele mto wetu ulipofurika.

"Toka hapo. Pandeni juu. Upesi."

"Juu?"

"Juu, Anaeli! Juu!"

"Nimekupata, Mwalimu."

Redio ilikuwa ya kambi, siyo ya gari. Alipoizima hapakuwa na namna nyingine ya kumpata.

Nilitoka nje kuwaangalia wakija.

Niliona vumbi la pikapu likitoka kijijini. Lilikwenda mpaka kwenye njia panda. Pale likakata, likaelekea kaskazini.

Sikuelewa. Nilidhani Shabani anakwepa bonde. Nilingoja ageuke.

Hakugeuka.

Nilipoelewa nilipiga kelele, mtu mzima nimesimama juu ya jiwe, napigia kelele vumbi lililo kilomita sita. Mganga alinishika mkono. Nilikimbilia redio nikaita, nikaita, nikamwita Mama Happy mjini, nikasema wapigie polisi. Yeye akauliza, kwani wameelekea wapi? Nikasema Kambi ya Juu. Ndipo niliposikia mdomo wangu mwenyewe umeitaja.

Vumbi lilisimama karibu na migunga. Risasi zilichelewa kufika masikioni. Zilifika chache tu, zenye kupangika, kisha nyingi.

Yaliyotokea ndani ya gari nilielezwa na Shabani siku ileile jioni, tukiwa tumeketi chini, damu imekauka kwenye shati lake. Kwenye njia panda alipunguza mwendo. Alimuuliza Anaeli kama Mwalimu hakumaanisha mlimani, maana watu wote wako huko. Anaeli akasita. Risasi zilisikika zinatoka upande wa mlima, na Mwalimu yuko na polisi, lazima anajua kitu. Halafu akasema, na Shabani aliyarudia maneno hayo polepole:

"Kwenye redio juu ni kaskazini. Nilishakosea mara moja, nikaaibishwa mbele ya mke wangu. Kata kulia."

Ndeshi hakuyasikia. Alikuwa nyuma, wazi, na wazee na mtoto.

Walikuta watu kwenye chemchemi, wakadhani ni wetu. Anaeli alishuka kuwasalimu. Alipigwa akiwa hatua tatu kutoka mlangoni. Shabani aligeuza gari kwa kurudi nyuma juu ya mawe, kioo kimevunjika, na wazee wawili walikufa pale nyuma kabla hawajafika njia panda. Ndeshi alipigwa mkononi, akiwa amemlalia mtoto. Muda si mrefu kikosi kilifika kwa nyuma, kama afisa alivyosema. Vita iliisha wiki ile. Afisa alinishukuru, akasema bila mimi ingechukua mwezi mwingine. Alikuwa anasema kweli, na nilitamani anyamaze.

Tulimzika Anaeli kihambani kwake. Mchungaji wa Kilutheri alisoma, watu wa kwaya walikuwa wanne tu. Niliombwa niseme neno kama mwajiri na rafiki. Nilisema redio ilikuwa na mikwaruzo, mawasiliano yalikuwa mabaya, Mungu ndiye anajua. Shabani alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika kofia yake. Aliniangalia, kisha akaangalia ardhi. Redio haikuwa na mikwaruzo. Siku ile ilikuwa wazi kuliko siku zote nilizoitumia.

Mwaka uliofuata wageni walirudi. Mama Happy alitaka tufungue kambi zote tatu, na nikazifungua, kwa sababu sikujua kazi nyingine na kwa sababu mahali pazuri pa kambi hapaachi kuwa pazuri watu wakifa hapo. Maji yalikuwa yaleyale. Nilibadilisha majina tu, nikaziita kwa miti. Vijana wapya waliuliza kwa nini mkuzu, ule mti wa msituni, na mgunga, nikawaambia wageni wanapenda miti.

Kuuliza si ujinga, niliwaambia wanafunzi wangu miaka yote ile. Anaeli aliuliza. Alinipa nafasi, neno moja, na mimi nilikuwa na muda wa kusema msituni, au mlimani, au kijitoni. Nimejaribu kujitetea. Nimesema yeye ndiye mtu wa mlima, angejua. Nimesema hofu humrudisha mtu kwenye lugha ya mama yake. Yote mawili ni kweli. Lakini nilimchukua mtu aliyejua juu ni wapi, nikampa rula, nikamtia aibu mpaka akaacha kujua. Siku nilipohitaji ajue, alikuwa mtumishi mwema.

Kila mwaka, baada ya mavuno, nilikwenda kumwona Ndeshi. Nilibeba sukari, mchele, sare za shule za Elia alipoanza kusoma. Aliniita shemeji. Mkono wake ulipona vibaya, haukufunguka sawasawa, akajifunza kukamua ng'ombe kwa mkono mmoja. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua na karo, na saa kumi nikaondoka. Kila mara nilikwenda na nia ya kusema. Kila mara niliona mtoto anacheza, au jirani ameingia, au Ndeshi ameonekana mwenye furaha na sikutaka kumharibia siku. Sababu hazikosekani kwa anayezitafuta.

Nilisema mwaka niliostaafu. Elia alikuwa ameshaoa, tulikuwa wawili tu jikoni kwake. Nilimwambia yote: ramani, rula, neno nililosema, swali aliloniuliza, nilivyomjibu, na nilivyodanganya kaburini. Nilichukua muda mrefu. Hakunikatiza. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakusimama kuchambua.

Nilipomaliza alipepeta takataka zikatoka, akaweka ungo chini.

"Shabani aliniambia siku ya tatu," alisema. "Kabla watu wa msiba hawajatawanyika. Nikamwambia anyamaze, asimwambie mtu. Nikasema Mwalimu atakuja aniambie mwenyewe."

Niliona hakuniita shemeji.

"Miaka ishirini na mitano unakaa hapo. Nakuwekea chai, nasema leo atasema."

Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza. Ningemjibu. Naapa nilidhani hivyo, kwamba kama angeuliza tu, ningemjibu.

"Mume wangu alikuuliza," alisema.

Halafu akainuka kuteka maji ya maharage, kwa mkono ule mmoja, na mimi nikabaki nimekaa. Nilitaka kumsaidia ndoo lakini sikuthubutu. Aliporudi aliinjika sufuria, akachochea moto, akaniambia kwamba gari la mwisho la kwenda mjini linapita saa kumi na moja, nisije nikachelewa. Hakusema nirudi wala nisirudi. Nilimpa mkono, akaupokea, na nikatoka.